Nilivyosimama Katikati ya Wimbo wa Saba

Kitabu kilinukia sabuni. Kilifika ndani ya kifurushi pamoja na vipande sita vya sabuni ya waridi, soksi za babu na koti langu jekundu ambalo lingeweza kunifunika mimi na mtu mwingine, na kwa kuwa kilisafiri wiki nyingi kikiwa kimebanwa na zile sabuni, kila ukurasa ulikuwa na harufu ya mtu aliyetoka kuoga. Hata leo nikipita duka lolote la Kisii mjini lenye sabuni za aina ile, naanza kusikia kwaya kichwani. Tata, maana ndivyo tunavyomwita baba kwa Ekegusii, alikuwa Amerika mwaka wake wa tatu, akitunza wazee wa watu. Siku zake za mapumziko aliimba katika kwaya moja ya huko, na kwaya hiyo ilikuwa na msimu mzima wa matamasha ya nyimbo za Waamerika wa kila aina. Kwa furaha, au kwa upweke, sijui, alituma kitabu chao kwetu kilimani juu ya Kebirigo. Aliandika barua kwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu akiomba tufanye msimu kama huo, tamasha la mwisho lirekodiwe video, naye apelekewe.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na jambo la kwanza ambalo kitabu kile kilifanya ni kunivurugia Amerika. Mimi nilikuwa nayo tayari, imenyooka kabisa kichwani: nchi ya theluji, watu weupe, na Tata katikati yao akiwa amevaa kofia ya sufu. Sasa Mwalimu Nyakundi, aliyetufundisha shuleni siku za wiki na kanisani siku ya Sabato, akatufungulia kitabu na kutuambia kwamba wimbo wa kwanza ni wa wajukuu wa watumwa, wa pili ni wa wachunga ng'ombe, wa nne umeandikwa Kihispania lakini ni wa Amerika hiyo hiyo, wa tano ni wa wenyeji waliokuwapo kabla ya wote, na wa saba ni wa wakulima wa milimani ambao wanaume wao waliondoka kwenda kuchimba makaa ya mawe. Niliinua mkono nikauliza Tata yuko katika Amerika ipi kati ya hizo. Watu wazima walicheka. Mwalimu hakucheka, alikuna kidevu akasema, "Babako ni wa hapa, Moraa. Hiyo ingine ni kazi tu." Jibu hilo lilinichanganya zaidi kuliko kitabu.

Ili mambo mengine yaeleweke, lazima nieleze jinsi tulivyokuwa tukizungumza na Tata. Kila Jumapili jioni simu ililia, ikawekwa spika juu ya meza, nasi tukaizunguka: babu, ambaye kwetu ni Sokoro, akiwa kwenye kiti chake, mimi miguuni pake, na Mama amesimama mlangoni akiwa ametazama nje. Hakukaa ndani kwa sababu ya chinsoni, yaani ile heshima ya haya iliyopo kati ya mkwe na baba mkwe, na kati ya wazazi na watoto wao. Mama na Sokoro hawakupeana mkono hata siku moja. Mama alimwekea chai mezani akaondoka kabla hajaketi, na Sokoro alipotaka kuingia uani alikohoa kutoka mbali ili Mama ajue. Hapakuwa na chuki yoyote. Walipendana sana, nadhani, ila kwa umbali. Kwa hiyo Tata alipouliza kwenye spika, "Mama Moraa yupo?" Mama alijibu kutoka mlangoni, "Nipo." Tata akauliza, "Na ng'ombe?" Mama akasema, "Ng'ombe yuko salama." Basi, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya mume na mke kwa miaka mitatu. Mimi nilidhani ndivyo ndoa ilivyo, mtu kuulizwa habari za ng'ombe.

Mazoezi yalifanyika Jumatano na Jumapili, baada ya majani ya chai kupelekwa kituoni kupimwa. Akina mama walikuja moja kwa moja kutoka shambani, vidole vimekolea weusi wa utomvu wa chai, vikapu wakaviacha ukutani nje, na chumba kizima kikanuka majani mabichi na jasho, huku kile kitabu kikinukia waridi katikati ya yote. Nyimbo za dunia haziimbwi kanisani kwetu, wala haziimbwi Sabato, kwa hiyo tulitumia darasa la nane la shule ya msingi, na watu wazima wenye miili walijikunja kwenye madawati ya watoto bila kulalamika. Mwalimu alikuwa na kawaida yake isiyobadilika: kwanza solfa, maneno baadaye. Aliandika do, re, mi ubaoni kwa chaki, akapiga ubao kwa fimbo, nasi tukaimba do re mi wiki baada ya wiki, tusijue kama tunalia au tunachekelea. Alisema maneno yakija mapema watu huanza kuhubiri badala ya kuimba.

Wimbo wa saba ulikuwa wa watu wawili, mwanamke wa sauti ya kwanza na mwanamume wa besi, na kwaya nyuma yao ikivuma tu. Pembeni mwa ukurasa Tata alikuwa ameandika kwa penseli: Huu msiuache. Kemunto aimbe. Kemunto ni Mama. Kwa upande wa besi hapakuwa na ubishi pia. Ile sauti ilishuka chini mno, na katika kilima chote kile ni koo moja tu lililofika huko, la Sokoro. Basi Mwalimu akawapanga, Mama dirishani, Sokoro karibu na mlango, na watu thelathini kati yao, kila mmoja akitazama ukuta wake. Wakaanza. Sauti ya Sokoro ilitoka chini kama gari zito linalopanda mwinuko wa mbali, ya Mama ikaja juu yake polepole, na zikakutana mahali fulani pale kwenye dari. Sikuwa nimewahi kuwasikia wawili hao wakizungumza zaidi ya maneno matatu. Sasa walikuwa wakiitana na kujibizana, solfa tupu, na nilifurahi hadi nikasahau kuvuma.

Mama aliushikilia wimbo ule kuliko alivyoshikilia kitu chochote mwaka ule. Aliuimba akichuma chai, akifua, akimenya ndizi. Sababu niliijua kwa njia mbaya. Pale kituo cha majani, tukiwa kwenye foleni, nilisikia mama mmoja akimwambia mwenzake, bila kujali kwamba nimesimama nyuma yake, "Hawa wa Amerika hawarudigi. Miaka mitatu? Huyo ashaoa huko." Mama alikuwa mbele yangu na kikapu mgongoni. Shingo yake iligeuka kidogo tu, kisha ikarudi. Tulipofika nyumbani alichukua kitabu, akafungua wimbo wa saba, akauweka mbele yangu pamoja na kamusi yangu ya shule. "Nisomee pole pole," akasema. "Nataka kila neno litoke sawa. Babako atasikia hii video."

Nilisoma, na kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kujua kila kitu nilitafuta pia maana. Mwanamume wa wimbo yuko ng'ambo ya mto. Anamwambia mkewe kwamba kitanda chake kimekuwa kipana, avuke aje, aweke kichwa juu ya mkono wake kama zamani. Mwanamke anajibu kwamba mlango hajaufunga kwa komeo tangu mumewe alipoondoka, na upande wake wa kitanda bado haujalaliwa na mtu. Nilifunga kamusi, masikio yanawaka moto. Mambo ya kitanda mtoto hayataji mbele ya mama yake. Halafu nikawaza jambo baya zaidi: anayeyasema haya maneno ya mume ni Sokoro! Nilimtazama Mama nione kama anaelewa. Alikuwa amesoma hadi kidato cha nne, alielewa vizuri. Aliendelea kurudia sentensi kwa utulivu, kama mtu anayekariri majina ya mito. Siku iliyofuata nilimfuata Mwalimu nyuma ya darasa, nikamwonyesha mstari kwa kidole bila kuusoma.

"Naona," akasema.

"Lakini Mwalimu, Sokoro na Mama..."

"Wewe Moraa, nyamaza. Hiyo ni Kiingereza. Kiingereza haina chinsoni."

Nikaondoka nikiwa nimechanganyikiwa kabisa, maana sasa ilikuwa kwamba aibu haiko ndani ya jambo lenyewe, iko ndani ya lugha. Nilijaribu kuielewa nikashindwa. Lakini tamasha la kwanza, kule Gesima, lilionyesha kwamba Mwalimu alikuwa sahihi. Ukumbi wa shule ulijaa watu wa chai, ukungu ukiingia madirishani, na wimbo wa saba ulipokwisha wazee walipiga makofi hadi fimbo zao zikaanguka. Sokoro alipewa mkono na kila mtu isipokuwa Mama. Tulirudi nyumbani tukiimba, na nikaamua kwamba watu wazima wana mipango yao ambayo haihitaji kamusi yangu.

Kisha tukaimba Kebirigo, nyumbani kabisa, siku ya Jumapili. Msema programu alikuwa kijana aitwaye Ombati, mwanachuo wa ualimu, mtu mwema asiye na hila. Kabla ya tamasha kuanza bibi mmoja wa mstari wa mbele alimlalamikia kwamba nyimbo ni tamu lakini hajui zinasema nini. Ombati akaona huruma. Akaahidi kueleza kila wimbo kwa Ekegusii kabla haujaimbwa, na alifanya hivyo kwa ufasaha mkubwa: wajukuu wa watumwa, wachunga ng'ombe, Kihispania alikiruka. Alipofika wimbo wa saba Mama na Sokoro walikuwa tayari wamesimama mbele, huyu huku na yule kule. "Sasa," akasema Ombati kwa Ekegusii safi kama cha mahakama ya wazee, "mzee wetu huyu anamwambia mama huyu kwamba kitanda chake kimekuwa kipana..."

Hakumaliza, au labda alimaliza na mimi sikusikia. Yule bibi wa mbele alijifunika uso kwa leso. Mtu mmoja nyuma alicheka kicheko kifupi kisha akakimeza. Sokoro alisimama vile vile kwa muda, macho sakafuni, halafu akachukua kofia yake kwenye kiti akatoka nje kwa mlango wa pembeni, mgongo umenyooka. Mama alibaki peke yake mbele ya watu wote wanaomjua, mikono imeshikana. Ombati aliangalia karatasi yake kana kwamba ndiyo iliyosema. Mwalimu akaanzisha wimbo wa nane kwa haraka na kwa sauti isiyo yake, nasi tukaimba vibaya sana. Maneno yalikuwa yale yale ya Gesima, waimbaji walikuwa wale wale. Niliona aibu ambayo sikujua niiweke wapi.

Baada ya hapo nyumba yetu ilikaa kimya. Sokoro alisema mgongo unamuuma, hakuja mazoezi. Kikohozi chake cha uani kikawa kinasikika kutoka mbali zaidi, karibu na barabara. Jumapili hakuja kusikiliza simu. Tata akauliza ng'ombe, Mama akasema yuko salama, na ndivyo. Mwalimu alijaribu besi mwingine, karani wa kiwanda cha majani, lakini alipofika ile noti ya chini sauti ilimwishia akabaki anatoa pumzi. "Tutatoa hiyo wimbo," Mwalimu akatangaza. Mama alitikisa kichwa kukubali kama kila mtu, akabeba kikapu chake, akaenda. Hakuimba tena akifua. Tamasha la mwisho lilibaki wiki mbili, lile la video, na mimi nilijua kwamba bila wimbo ule Tata angetumiwa wachunga ng'ombe na watumwa na Wahispania, asitumiwe Mama.

Nilimkuta Sokoro mgombani akiegemeza miti kwenye migomba iliyoelemewa na ndizi. Hapa lazima niseme kwamba kwetu mjukuu na babu hawana chinsoni. Kinyume chake, wanataniana watakavyo; Sokoro aliniita mke wake mdogo tangu nilipozaliwa, na mbele ya watu alilalamika kwamba mke huyu hajui hata kukoroga uji. Kwa hiyo mimi, mtoto wa darasa la sita, ndiye pekee katika boma lile niliyeweza kumwuliza walichoogopa wote.

"Sokoro, mgongo unauma kweli?"

"Unauma kiasi."

"Kwani ulikuwa unamwimbia Mama?"

Aliacha mti. "Wewe! Ningemwimbiaje mama yako? Nilikuwa naimba tu."

"Basi niimbie mimi," nikasema. "Si mimi ndiye mkeo? Nikae katikati, uniangalie mimi. Mama ataangalia kamera ya video."

Alicheka kwanza, cheko la kunifukuza. Nikamtolea kitabu, nilikuwa nimekificha ndani ya lile koti jekundu, nikamwonyesha mwandiko wa penseli. Alikuwa hajauona. Alifuta mikono kwenye suruali, akaweka kidole juu ya maneno ya mwanawe, akayasoma moja moja, Huu msiuache, na nikaona shavu lake linacheza. Kisha akasema, "Lakini wewe mke hujui kupika," na baadaye, akiwa amesharudi kwenye migomba, "Mwambie Mwalimu mgongo umepoa."

Tamasha la mwisho lilikuwa kwenye ukumbi mmoja pale Nyanchwa, mchana wa jua kali, na mpiga video wa harusi kutoka mjini akazunguka na mashine yake begani. Mwalimu aliniweka katikati ya jukwaa nikiwa na koti lile la Amerika, kwa sababu Sokoro alisema nikilivaa natosha watu wawili na hataona kilicho nyuma yangu. Nilitoa jasho kama anayepalilia. Safari hii Mwalimu mwenyewe alitangaza kwa Ekegusii kwamba mzee ataimba na mke wake mdogo, ukumbi ukacheka na kushusha pumzi, kila mtu akaelewa na hakuna aliyeona haya. Sokoro alinitazama mimi. Mama alitupa mgongo sisi wote wawili, akaigeukia kamera. Alipofika kwenye mstari wa mlango usiofungwa, sauti yake ilitetemeka mara moja tu. Mimi nilisimama katikati ya sauti zao, moja kila sikio, nikiwa sielewi kwa nini ninalia.

Video ilipomfikia Tata, simu ililia Jumapili kama kawaida. Sokoro alikuwa amerudi kitini. Kisha Tata akamwambia baba yake, "Tata, naomba hiyo spika itolewe kidogo." Jambo hilo halikuwahi kuombwa. Sokoro alinyanyuka, akakohoa, akasema anaenda kuangalia ng'ombe, akanishika mkono tukaenda wote. Tulimwangalia ng'ombe yule kwa saa nzima. Hakuwa na lolote la kuangaliwa.

Tata hakurudi mwaka ule, wala mwingine. Mimi nilimaliza shule, nikawa mwalimu, nikaolewa, nikahamia Nyanchwa si mbali na ule ukumbi. Mume wangu naye sasa anafanya kazi ng'ambo. Simu yangu ni yangu peke yangu, haiwekwi mezani, na kila asubuhi nakuta ametuma vile vipicha vya mioyo, kumi, kumi na miwili. Nampenda, lakini kuna siku nakaa kitandani na simu mkononi nisijue kama mioyo ile ameituma yeye au ni kidole kimezoea. Mama alipata mmoja tu baada ya miaka mitatu, ukapitia kwa baba mkwe, mtoto, koti na mpiga video wa harusi, na hakuuliza kamwe kama ni wa kweli. Sijui nani kati yetu ana bahati. Nimejaribu kuamua mara nyingi.

Sokoro alikuwa amekwisha kufa Tata aliporudi kabisa, mvi kichwani na goti bovu. Mwaka huu Mwalimu Nyakundi, mzee sasa, ametoa kile kitabu tena ili kwaya irudie msimu ule. Harufu ya sabuni imeisha, ya chaki imebaki. Kwenye mazoezi ya wimbo wa saba Tata alikwenda akasimama karibu na mlango, pale pale pa baba yake, na akaifikia ile noti ya chini. Mimi, kwa mazoea, nikaenda katikati.

"Moraa," Mama akasema kutoka dirishani, "toka hapo. Huyu ni wangu."

Watu walicheka, naye Tata akainamisha kichwa kama kijana. Nikatoka. Kisha nikakumbuka kwamba hao ni wazazi wangu, na mimi ni mtoto wao hata kama nina mvi mbili za kwangu, na chinsoni ni chinsoni. Nikaendelea hadi nje, nikasimama karibu na vikapu vya majani, na nikausikiliza wimbo wote nikiwa nimewapa mgongo.